Okot p'Bitek: Maisha ya Mtunzi wa Wimbo wa Lawino

Kwa nini usome sura hii

Mwanafunzi, kabla hujafungua sehemu ya kwanza ya Wimbo wa Lawino, soma sura hii hadi mwisho. Usiiruke kwa kudhani kwamba maisha ya mtunzi hayatahiniwi. Ni kweli kwamba hutaulizwa mtunzi alizaliwa lini. Lakini utaulizwa kuhusu mtazamo wake, dhamira yake, na jinsi alivyowasawiri Lawino na Ocol. Katika swali la namna hiyo, watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu moja. Huandika kwamba Okot p'Bitek anapinga elimu ya Wazungu, kisha hujaza kurasa mbili wakithibitisha dai ambalo si sahihi.

Hebu lipime dai hilo. Mtu ambaye unasema anapinga elimu ya Wazungu alisoma katika vyuo vikuu vitatu vya Uingereza. Katika cha kwanza alisomea elimu, katika cha pili sheria, na katika cha tatu anthropolojia, yaani taaluma inayochunguza jamii za watu na desturi zao. Baadaye aliomba hata shahada ya uzamifu katika chuo hicho cha tatu. Alifundisha Makerere, Nairobi na Ife. Mtu huyo hawezi kuitwa adui wa shule. Basi alikuwa akipinga nini? Hilo ndilo swali la sura hii, na jibu lake limo katika maisha yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa wanafunzi wa Kyuso na shule jirani za Mwingi Kaskazini. Kwa hiyo usishangae ukikuta mifano ya Ukambani katika maisha ya Mwacholi. Utaona kwamba mwana mmoja wa Kitui anaingia katika hadithi hii.

Kuzaliwa na malezi

Okot alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Lugha ya Kiacholi ni ndugu wa Dholuo inayozungumzwa Kisumu na Siaya. Herufi p unayoiona kabla ya Bitek ni kifupi cha neno pa, lenye kazi kama ya a-unganifu katika Kiswahili. Ndiyo maana jina la utungo huu kwa Kiacholi ni Wer pa Lawino: wer ni wimbo, na pa ni wa.

Baba yake, Jebedayo Opii, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyesifika, tena hodari wa kucheza ngoma. Zingatia jambo hili. Kwa upande mmoja wa nyumba kulikuwa na ubao, chaki na Biblia. Kwa upande wa pili kulikuwa na nyimbo za harusi, za matanga, za vita na za kukejeli wavivu. Mtoto alikua akivipokea vyote viwili kutoka kwa wazazi wake mwenyewe, na hakuambiwa achague kimoja.

Wewe pia unaijua hali hii. Muhula ukiwa unaendelea, uko darasani ukikariri tamathali za usemi. Likizo ikifika, unamsikia susu wako akiimba huku akipepeta pojo, au unasikia ngoma ya kilumi ikipigwa kijiji cha pili. Huenda shuleni kwenu anayeongea Kikamba huvishwa kibao shingoni, akakibeba hadi ampate mwingine wa kumrithisha. Kibao hicho kinakufundisha kitu ambacho hakimo katika silabasi yoyote: kwamba lugha ya susu ni kosa. Okot alitumia maisha yake yote kulikataa somo hilo.

Masomo na kazi Uganda

Alisoma Gulu High School, kisha akaenda King's College Budo, shule maarufu iliyo karibu na Kampala. Baada ya hapo alisomea ualimu Mbarara. Alirudi nyumbani akawa mwalimu katika shule ya Sir Samuel Baker, karibu na Gulu, ambako alifundisha Kiingereza na elimu ya dini, na pia kuongoza kwaya.

Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichapisha riwaya kwa Kiacholi iitwayo Lak Tar. Inamhusu kijana maskini anayeondoka kwao kwenda Kampala kutafuta pesa za mahari, akakutana na mateso ya mjini. Iandike tarehe hiyo daftarini mwako. Okot alikuwa mwandishi wa lugha yake kabla hajakanyaga Uingereza. Hakwenda kule mikono mitupu akitarajia kujazwa. Alikwenda akiwa na riwaya iliyochapishwa, uzoefu wa kufundisha, na ghala la nyimbo za mama yake.

Mpira wa miguu wamfikisha Uingereza

Miaka hiyo Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kimoja tu cha kiwango cha chuo kikuu, nacho ni Makerere. Chuo hicho kilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Aliyetaka kuendelea zaidi, au kusomea taaluma isiyofundishwa Makerere, alilazimika kuvuka bahari. Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia mwaka wa 1949 hadi 1952. Kabla yake, katika miaka ya 1930, Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia jijini London. Wengi walipita njia ya ufadhili wa serikali au wa kanisa.

Njia ya Okot ilikuwa tofauti. Alikuwa mchezaji mpira mzuri, na mwaka wa 1956 timu ya Uganda ilipofanya ziara ya mechi Uingereza, yeye alikuwamo. Ziara ilipokwisha, alibaki kule ili asome. Mwalimu wa Gulu aliyekwenda kama mgeni wa kucheza mpira akawa mwanafunzi.

Usilichukulie jambo hili kama kichekesho cha pembeni. Linaonyesha tabia utakayoiona katika kila hatua ya maisha yake: nafasi ikimfikia, hata kama hakuandaliwa yeye, aliishika. Pia linakuonya usimfikirie mtunzi huyu kama mzee aliyekaa kijijini akilalamikia mambo mapya. Alisafiri mapema, alisafiri mbali, na alipenda kujifunza.

Bristol na Aberystwyth

Chuo chake cha kwanza kilikuwa Bristol, magharibi mwa Uingereza, ambako aliongeza masomo ya ualimu. Kisha alikwenda Aberystwyth kusomea sheria, na huko akapata shahada yake.

Tazama ramani. Aberystwyth ni mji wa pwani katika Wales, na Wales si Uingereza ya Shakespeare. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo ni tofauti kabisa na Kiingereza. Wana mashindano yao ya ushairi na uimbaji yanayoitwa Eisteddfod. Kuna kipindi cha historia yao ambapo mtoto aliyeongea Kiwelisi shuleni alivishwa kipande cha mbao shingoni, sawasawa na kile kibao tulichokitaja. Adhabu hiyo haikubuniwa Ukambani wala Uganda. Hata huko ilikotawaliwa dunia, kulikuwa na watu walioaibishwa kwa lugha ya mama zao, na hata hivyo hawakuiacha.

Katika miaka hiyo ya Uingereza ndipo Okot alipoachana na dini ya Kikristo aliyolelewa ndani yake. Si lazima ukubaliane naye. Lakini ukumbuke jambo hilo utakapofika sehemu ya 8 na ya 9 za kitabu, ambamo Lawino anawauliza walimu wa dini maswali wasiyoyapenda. Maswali hayo yaliandikwa na mtu aliyewahi kufundisha elimu ya dini darasani. Aliijua dini hiyo kutoka ndani.

Oxford na ugomvi wa maneno

Mwaka wa 1960 Okot aliingia Oxford, katika taasisi ya anthropolojia. Mkuu wa taaluma hiyo pale alikuwa Evans-Pritchard, Mwingereza aliyepata sifa kwa vitabu vyake kuhusu Waazande na Wanuer wa Sudan. Kwa mtafiti wa tamaduni za Kiafrika, hakukuwa na mahali penye jina kubwa kuliko hapo.

Lakini Okot alieleza baadaye, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1970, kwamba tangu mhadhara wa kwanza aliwasikia walimu wakiwataja Waafrika kwa majina ya washenzi na watu wasiostaarabika. Alipinga, wala hakusikilizwa. Alisema kwamba hata neno la Kiingereza wanalolitumia kwa maana ya kabila lilibeba dharau, maana hakuna aliyelitumia kuwaelezea Waingereza wenyewe.

Fikiria hali yake. Amekaa darasani, na kinachofundishwa ni watu wa kwao. Mtu anayeelezwa ubaoni kuwa mshenzi ni mama yake Lacwaa. Angeweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kufunga mizigo na kurudi Gulu kwa hasira. La pili ni kukubali, akacheka pamoja nao, akajiona yeye ni tofauti na wale wa nyumbani kwa kuwa amefika Oxford. Hili la pili ndilo alilolifanya Ocol.

Okot hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alibaki, akasoma, akabishana, na alipotakiwa kuandika tasnifu alichagua kuandika kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango na mazingira yake ya kijamii. Yaani alizipeleka nyimbo za mama yake Oxford na kuzifanya kuwa somo. Tasnifu hiyo aliikamilisha mwaka wa 1963. Alitumia vifaa alivyofundishwa na walimu wale wale, utafiti wa nyanjani, ukusanyaji na uchambuzi, kuonyesha kwamba watu walioitwa washenzi walikuwa na washairi, wahakiki na sheria za utunzi.

Hapo pana jibu la swali letu. Okot hakupinga elimu. Alipinga elimu inayomtaka mwanafunzi aanze kwa kuwaonea haya waliomzaa.

Jina la Mungu na mwana wa Kitui

Kuna kisa ambacho Okot alikitumia mara nyingi katika uhakiki wake, na kinakusaidia kuelewa sehemu ya 9. Mapadri wa Kiitaliano walipofika Uacholi mwanzoni mwa karne ya 20, waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Kwa maelezo ya Okot, Kiacholi hakikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ya kutoa kitu pasipo kitu. Swali likatafsiriwa kwa kitenzi cha kufinyanga: ni nani anayewafinyanga watu? Wazee hawakuelewa, kwa kuwa mtu huzaliwa na mama, hafinyangwi. Walipozidi kusukumwa, mmoja akakumbuka kwamba kuna ugonjwa unaompinda mtu mgongo, ule ambao leo hospitalini huitwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Roho aliyeaminiwa kuuleta huitwa Rubanga. Basi akajibu kwamba Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Mapadri wakaliandika jina hilo, na likawa ndilo jina la Mungu katika mahubiri yao.

Sasa linganisha na lugha zako. Katika Kikamba Mungu huitwa Mulungu, na pia Mumbi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuumba na kufinyanga. Katika Kiswahili, kuumba ni kazi ya Mungu, lakini kutoka humo tumepata pia umbo, yaani sura ya kitu. Lugha zetu mbili zilikuwa na daraja ambalo Kiacholi hakikuwa nalo. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini Lawino anauliza kuhusu udongo aliotumia mfinyanzi huyo na mahali alipouchimba. Hamchezei Mungu. Anaonyesha kwamba swali la mgeni lilipoingia katika lugha ya wenyeji lilizaa jibu ambalo halikuwa la upande wowote.

Hapa ndipo anapoingia mwana wa Kitui. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka huo huo wa 1931. Alisoma Alliance, Makerere na Marekani, kisha akaenda Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1963. Kwa hiyo Mkamba huyu na Mwacholi yule walikuwa katika vyuo viwili vikongwe vya Uingereza kwa wakati mmoja. Mbiti pia alikusanya fasihi simulizi ya kwao, na ngano za Wakamba alizozikusanya zilichapishwa mwaka wa 1966, mwaka ule ule wa Wimbo wa Lawino. Wote wawili walifundisha Makerere.

Lakini hawakukubaliana. Katika vitabu vyake, kikiwemo kile mashuhuri cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alionyesha kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla ya wamishonari. Okot alimjibu kwa ukali mwaka uliofuata. Alidai kwamba Mbiti na wasomi wengine wa Kiafrika walichukua sifa za Mungu wa Wakristo na wanafalsafa wa Kigiriki wakazipachika kwa miungu ya Kiafrika ili iheshimiwe na Wazungu. Kwa Okot, imani za Waacholi hazikuhitaji kufanana na za mtu yeyote ndipo ziheshimike.

Mtahini hatakutaka uamue nani alishinda. Ila mjadala huu unakufundisha kwamba kusoma ng'ambo hakukuwatengeneza Waafrika wa aina moja. Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, wakasoma nchi moja, wakapenda hadithi za wazee wao, na bado kila mmoja alirudi na hoja yake.

Kurudi nyumbani na kuzaliwa kwa Wimbo wa Lawino

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Okot akiwa bado mwanafunzi wa Oxford. Aliporudi alifanya kazi katika idara ya Makerere ya masomo ya nje ya chuo, akiwa Gulu. Huko alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa ambamo wanavijiji waliimba na kucheza ngoma zao mbele ya hadhira kubwa.

Wakati huo viti vilivyoachwa na Waingereza vilikuwa vikijazwa na Waafrika waliosoma. Baadhi yao walijenga nyumba kama za wakoloni, wakaongea na wake zao kama wakoloni, na kugombana na ndugu zao kwa sababu ya vyama vya siasa. Utayaona haya katika sehemu ya 11, ambapo Ocol na ndugu yake wako katika vyama viwili na hawapatani, huku umaskini ukiwaumiza watu wote.

Okot aliutunga wimbo huo kwa Kiacholi, kwa mtindo wa nyimbo za kwao, kisha akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Toleo la Kiingereza lilichapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka wa 1966. La Kiacholi lilitoka mwaka wa 1969. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Paul Sozigwa, nayo ilitoka mwaka wa 1975. Kumbuka mpangilio huu unapojadili mtindo. Marudio, nyimbo zilizo ndani ya wimbo, na mafumbo ya mimea na wanyama si mapambo yaliyoongezwa. Ni sauti ya Kiacholi ikisikika ndani ya lugha nyingine.

Kupoteza kazi na kuhamia Kenya

Okot alipewa pia uongozi wa kituo cha utamaduni cha taifa jijini Kampala. Akawaleta wachezaji ngoma wa vijijini katika jumba lililokuwa limezoea michezo ya Kiingereza. Lakini aliikosoa serikali waziwazi, na kufikia mwaka wa 1968 alikuwa amepoteza kazi hiyo. Alihamia Kenya. Kisumu alianzisha tamasha la sanaa mwaka huo wa 1968, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Idi Amin alipotwaa mamlaka mwezi wa Januari 1971, kurudi Uganda kukawa hatari zaidi, na Kenya ikawa makao yake kwa miaka mingi.

Alifika Nairobi wakati wa mabadiliko makubwa. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamependekeza kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Kama leo unatahiniwa kuhusu ngano, mighani na nyimbo, ujue kwamba kuna watu waliobishana ili vipengele hivyo viitwe fasihi.

Mwaka wa 1970 alichapisha Wimbo wa Ocol, unaompa mume wa Lawino nafasi ya kujibu. Kisha zikaja nyimbo nyingine mbili, ule wa mfungwa na ule wa kahaba, zilizochapishwa pamoja mwaka wa 1971 na kumpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka wa 1972. Alikusanya pia nyimbo za Waacholi zilizotoka mwaka wa 1974, na ngano zilizotoka mwaka wa 1978.

Shahada iliyokataliwa

Mwaka huo huo wa 1970 lilimpata jambo ambalo miongozo mingi hailitaji. Tasnifu yake ya uzamifu, kuhusu dini ya Waluo wa Kati, ilikataliwa na Oxford. Mwandishi aliyekuwa tayari akisomwa Afrika Mashariki nzima hakupewa cheo cha daktari wa falsafa.

Mwaka uliofuata, 1971, kazi yake hiyo kuhusu dini ya Waluo wa Kati ilichapishwa Nairobi kama kitabu. Aliendelea kufundisha na kuandika bila cheo hicho. Wewe unayesubiri matokeo ya KCSE, lishike jambo hili. Mtihani hupima kile kilichoulizwa na waliouliza. Ni kipimo halali na ujiandae nacho kwa bidii, lakini haukupimi wewe mzima.

Miaka ya mwisho

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 alifundisha Ife, nchini Nigeria. Amin aliangushwa mwaka wa 1979, na hatimaye Okot akarudi Makerere. Mwaka wa 1982 aliteuliwa kuwa profesa wa utunzi huko. Hakukaa sana. Alifariki Kampala mwezi wa Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 51. Mkusanyiko wa insha zake kuhusu msanii kama mtawala wa jamii ulitoka mwaka wa 1986, baada ya kifo chake.

Jinsi ya kutumia maisha haya katika kujibu maswali

Kwanza, usimchanganye mtunzi na nafsineni. Lawino hajui kusoma saa, hajui kucheza dansi za Kizungu, na anamkejeli Clementine kwa chuku nyingi. Okot alijua mambo hayo yote. Amemchagua msemaji asiyesoma kwa makusudi, ili aliyesoma ahukumiwe na yule anayemdharau.

Pili, angalia Lawino anachokataa hasa. Hasemi kwamba Wazungu waache desturi zao. Analalamika kwamba Ocol anazitukana za kwao. Ile methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa mmea wa malenge katika boma la zamani haizuii mtu kujenga boma jipya. Inamwomba tu asiharibu kile kinachoweza bado kumlisha. Kwetu Kyuso, ambako mvua hukosa misimu mfululizo, hakuna haja ya kueleza thamani ya mmea unaostahimili ukame.

Tatu, linganisha Ocol na Okot. Wote wawili wamesoma vitabu vya Wazungu. Katika sehemu ya 12 Lawino anasema kwamba nyumba ya mumewe iliyojaa vitabu ni msitu wenye giza, na kwamba uanaume wake umeishia humo. Okot aliingia katika msitu mkubwa zaidi, akatoka na nyimbo za mama yake mkononi. Tofauti yao si kiwango cha elimu, ni kile ambacho kila mmoja alikwenda nacho na alichokubali kukitupa. Hata katika sehemu ya 13, Lawino hamwambii Ocol achome vitabu. Anataka atibiwe macho, masikio na koo, kisha aombe radhi na baraka za waliomtangulia.

Mwaka ujao huenda utakwenda Nairobi, Kampala au ng'ambo kwa ufadhili. Utaketi na watu wasioijua Kyuso, na mmoja wao atakuuliza watu wa kwenu wanaimba nini. Likizo hii, kaa na susu wako, umsikilize, na uandike nyimbo tatu anazozijua. Zitakufaa katika karatasi ya fasihi, na zitakufaa siku hiyo.

Maswali ya marudio

1. Okot p'Bitek hapingi elimu ya kigeni bali matumizi yake mabaya. Thibitisha kauli hii kwa kurejelea Wimbo wa Lawino. (alama 20)

2. Fafanua tofauti kati ya nafsi ya mtunzi na nafsineni katika Wimbo wa Lawino, ukitoa hoja nne. (alama 8)

3. Eleza jinsi suala la tafsiri linavyojitokeza katika maswali ya Lawino kuhusu dini katika sehemu ya 9. (alama 6)

4. Onyesha jinsi malezi ya Okot yalivyoathiri mtindo wa utungo huu. (alama 6)

5. Kusanya wimbo mmoja kutoka katika jamii yako. Eleza aina yake, wanaouimba, wakati wa kuimbwa na umuhimu wake. (alama 10)